Mchumba hajui nilitibiwa saratani utotoni, na sasa pumzi inanikatika

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Nakuandikia usiku, nimekaa kitandani nimeegemea mito miwili, maana nikilala chali kifua kinakuwa kizito. Naomba jina langu lisitokee. Mimi ni binti wa miaka 28, mtu wa Tanga, nafanya kazi ya hesabu katika ofisi moja mjini. Harusi yangu imebakiza miezi mitatu. Mahari imeshatolewa, ukumbi tumelipa nusu, na vitambaa vya sare za shangazi zangu vimeshakatwa.

Mwaka 2010, nikiwa na miaka 13, ulinitokea uvimbe shingoni upande wa kushoto. Hauumi, haukwaruzi. Kwanza tuliambiwa ni kifua kikuu cha tezi, nikameza dawa zake miezi minne. Uvimbe ukazidi, na mwingine ukatokea juu ya mtulinga. Usiku nilikuwa natoka jasho mpaka mama anabadilisha shuka. Mwisho tukapelekwa Dar es Salaam, wakanikata kinyama shingoni wakakipime, na majibu yakaja: saratani ya tezi, ile inayoitwa Hodgkin.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama aliuza shamba lake la michungwa kule Muheza ili tuweze kukaa Dar karibu mwaka mzima. Dawa hatukuzilipia, lakini nauli, chakula na chumba cha kupanga vilikula shamba lote.

Kila baada ya wiki mbili nilikuwa natundikiwa dripu. Dawa zilikuwa nne, ila watoto wote wodini tulikuwa tunaiogopa moja tu, ile nyekundu kama juisi ya rosela. Ukishaipata, hata mkojo unatoka mwekundu. Nilikuwa nahesabu kwa kuchora vijiti nyuma ya daftari: vilifika 12. Baada ya hapo nikapigwa mionzi ya shingo na kifua kwa wiki tatu. Walinitia madoa madogo ya wino kifuani ili mashine ilenge palepale kila siku. Ninayo mpaka leo, matano, kama ncha ya kalamu. Nywele ziliota tena, nikarudi shule nimepitwa darasa moja. Kliniki nilihudhuria miaka mitano, na siku ya mwisho daktari akaniambia: "Umepona, nenda kaishi."

Mama alizichukua karatasi zote akazitia kwenye sanduku la bati, akaniambia, "Hili limekwisha. Hili ni la chumbani." Na mimi nikaliacha chumbani. Marafiki wa chuo hawajui, kazini hawajui, na mchumba wangu hajui.

Yeye ni fundi umeme, kwao Pangani, mtu mpole na mchapakazi. Mama yake alipokuja kuniona aliuliza lile kovu la shingoni. Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu kwamba nilianguka kwenye mwembe. Wote wakacheka, wakasema kumbe bibi harusi alikuwa mtundu. Nikacheka nao.

Sasa tatizo. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu na hakuna lifti. Mwaka juzi nilikuwa napanda huku naongea na simu. Siku hizi nikifika ghorofa ya pili nasimama, najifanya nasoma ujumbe. Moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Na tangu Ramadhani ndiyo nalalia mito miwili. Tulikwenda zahanati, daktari kijana akaniuliza kama nina pumu ukoo wetu, kama nimewahi kuugua ugonjwa wowote mkubwa. Nikasema sijawahi. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikaandikiwa ile dawa ya pumu ya kuvuta, yenye kichupa cha bluu. Haijanisaidia chochote.

Juzi nikaingia mtandaoni. Nikasoma kwamba ile dawa nyekundu inaweza kuharibu moyo hata baada ya miaka mingi, na kwamba kati ya zile nne kuna nyingine inayoharibu mapafu, na mionzi nayo inaharibu vyote viwili. Nikazima simu nikakaa gizani.

Mchumba wangu anataka mtoto mapema. Anasema mwaka usigeuke. Na kuna jambo lingine: kaka yake alioa, baadaye ikajulikana mke ana selimundu, nyumba ikawaka moto. Mchumba wangu aliniambia kwa uchungu, "Kaka yangu aliuziwa mbuzi kwenye gunia." Tangu siku hiyo kila akinitazama najiona niko ndani ya gunia.

Mama anasema nikitamka tu harusi itavunjika, na mdogo wangu wa kike naye hataolewa kwa sababu watu watasema ukoo wetu una saratani. Nikimwambia basi niende nikapime moyo, ananijibu, "Ukitafuta utapata." Halafu wiki ya harusi nitasingwa, na somo, yule mama anayenifunda, ataona yale madoa.

Nimwambie kabla ya ndoa? Au nikae kimya kama mama anavyotaka, niolewe, mengine nimwachie Mungu? Na je, nipime au nisipime? Nikijua itanibidi niseme. Nisipojua, simdanganyi mtu.

Mwenye siri, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nilianza kuisoma kama barua ya harusi. Nilipofika kwenye ngazi za ofisi nikarudi juu, nikaitazama tena ile mito miwili, na tangu hapo sijaweza kuisoma kama barua ya harusi. Kwa hiyo niruhusu nianze na mito, shangazi na sare zao watanisamehe.

Mimi si daktari. Nilimtafuta daktari mmoja wa magonjwa ya ndani, nikamsimulia habari yako bila kutaja mji wala chochote cha kukutambulisha. Kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa saratani. Aliuliza, "Analala vipi?" Mtu anayeshindwa kulala chali, anayekwama kwenye ngazi alizokuwa akizipanda bila kufikiri, huyo anatakiwa kuonwa wiki hii, si baada ya fungate. Na ikitokea ukashtuka usingizini unatafuta hewa, au miguu ikavimba, au ukazirai, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama kuna wageni wa harusi barazani.

Sasa, zile dripu. Dawa nne kila baada ya wiki mbili kwa ugonjwa wa Hodgkin, daktari alisema, kwa kawaida huwa ni mpango unaoitwa ABVD, kwa herufi za mwanzo za majina ya dawa zenyewe. Ile nyekundu yenu ndiyo A, Adriamycin, jina la dukani la doxorubicin. Iliitwa hivyo kwa ajili ya bahari ya Adriatic, kwa sababu ukoo wa dawa hizi ulitokana na vijidudu vilivyookotwa kwenye udongo wa Italia miaka ya 1950. Nakuambia haya ili ujue kwamba kile mlichokuwa mnakiogopa wodini kina jina, kina historia, na watu wamekisoma sana. Dawa hii imeokoa watoto wengi mno, na wewe ni mmoja wao. Lakini haichagui vizuri. Inapoua seli za saratani inaweza kuua na seli za msuli wa moyo, na seli hizo haziwi wepesi kujizalisha upya kama za ngozi. Zilizobaki zinabeba kazi ya zilizokufa. Mtoto anakua, mwili unakuwa wa mtu mzima, na moyo uleule unatakiwa kuuhudumia. Mwingine anabeba mzigo huo maisha yake yote bila kusikia lolote. Mwingine moyo unaanza kulegea baada ya miaka 10, 15, 20.

B ni bleomycin. Hiyo ndiyo uliyosoma kuhusu mapafu: inaweza kuyaachia makovu yakapoteza ulaini wa kutanuka. Mionzi ya kifua inaweza kuugusa moyo, mishipa yake na mapafu pia. Kwa hiyo ulichosoma gizani usiku ule si uzushi.

Ila mtandao haukukupa kipimo cha mambo. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani na Kanada walichapisha matokeo ya kuwalinganisha maelfu ya watu waliopona saratani ya utotoni na ndugu zao wa kuzaliwa nao. Waliopona walikuwa na uwezekano karibu mara sita wa kupata moyo kushindwa kufanya kazi. Mara sita inatisha ukiisoma peke yako saa sita za usiku. Lakini kwa vijana moyo kushindwa ni jambo la nadra, kwa hiyo hata ukilizidisha mara sita, wengi wao hawakulipata.

Halafu kuna vijiti vyako 12, ambavyo kwa maoni yangu ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote katika barua yako. Dozi ya dawa nyekundu hupimwa kwa miligramu kwa kila mita ya mraba ya ukubwa wa mwili. Kama kweli ulikuwa kwenye ABVD ya kawaida, kila dripu ilikuwa na 25. Mara 12 ni 300. Wataalamu wanaofuatilia watu waliotibiwa saratani utotoni wameweka mstari kwenye 250: kuanzia hapo mtu anahesabiwa yuko kwenye hatari kubwa, na wanashauri apimwe moyo kwa eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwenye skrini, kila miaka miwili hata kama anajisikia mzima kabisa. Hii ni hesabu ya vijiti vya mtoto, faili linaweza kusema vingine. Lakini ona mwanangu: hata usingekuwa na mito miwili, eko ingekuwa haki yako tangu zamani.

Najua unajiuliza mbona basi daktari alisema umepona. Alisema kweli. Saratani ilikuwa imeondoka, na ndilo swali lililomleta kila mmoja wenu pale kliniki kwa miaka mitano. Habari ya moyo hakuna aliyeiuliza siku ile, na wewe na mama, baada ya yote mliyopitia, mlilisikia neno lile kama hati ya kufutiwa deni lote. Nani asingelisikia hivyo?

Vilevile usijihukumu kwamba moyo ndio umeharibika. Upungufu wa damu, ambao wasichana wengi wanao bila kujua, unakatisha pumzi hivyohivyo. Mionzi ya shingo inaweza kuifanya tezi ya thairoidi, iliyoko mbele ya shingo, ifanye kazi kwa uvivu miaka mingi baadaye, na mtu akachoka mpaka akashangaa. Inawezekana ni mapafu. Inawezekana hata ni pumu ya kweli. Kila moja lina tiba yake, na nyingine ni vidonge vya kawaida tu. Yule daktari kijana wa zahanati hakukosea sana. Alipewa hesabu iliyofichwa tarakimu moja, akatoa jibu lililolingana na alichopewa.

Hapo ndipo barua yako iliponishika. Mama yako aliposema "hili ni la chumbani," nadhani alikuwa akiwafungia nje majirani na watu wa posa. Lakini siku ile zahanati, uliposema "sijawahi," siri ilitoka chumbani ikaenda kukaa kati yako na kipimo cha daktari. Sidhani kama hata yeye aliituma huko. Unaniuliza swali moja, nimwambie au nisimwambie, na mimi naona ni mawili yaliyofungwa kamba moja. Kuna kumwambia mchumba, na hilo tunaweza kulizungumza mpaka alfajiri. Na kuna kumwambia daktari. Hili la pili nimeligeuza kila upande, sijamwona anayefaidika na kimya chake. Daktari anafungwa na kiapo chake kutunza siri, na wewe una miaka 28, unaweza kwenda peke yako, bila mama pembeni.

Unasema, "Nisipojua, simdanganyi mtu." Nimelifikiria sana hilo. Lakini mwenye kusimama ghorofa ya pili akijifanya anasoma ujumbe, huyo ameshajua kitu. Hajakijua jina lake tu.

Tuseme umekwenda. Anza hospitali ya mkoa, Bombo, kama iko karibu nawe, uombe rufaa ikihitajika; Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Eko haiumi. Unalala, wanakupaka mafuta ya baridi kifuani, wanauangalia moyo ukicheza kwenye skrini, kama mama mjamzito anavyoangaliwa mtoto. Mapafu utapuliza kwenye mashine. Damu watachukua. Taja na mionzi ya kifua, kwa sababu msichana aliyepigwa mionzi hiyo anatakiwa kuanza kuchunguzwa matiti mapema kuliko wenzake. Hilo si la kukutia hofu leo, liandike tu.

"Ukitafuta utapata," anasema mama. Inawezekana ukapata moyo mzima, na ukarudi na karatasi inayosema hivyo. Inawezekana ukapata moyo uliolegea kidogo, na hapo kuna dawa, nyingine ni vidonge vilevile ambavyo wazee wa presha mtaani kwenu wanameza kila asubuhi. Moyo uliolegea ukikamatwa mapema unasaidika zaidi kuliko ukisubiriwa uanguke. Ila hapa kuna jambo la kushika, kwa sababu ya ile hamu ya mtoto: baadhi ya dawa hizo, enalapril kwa mfano, hazifai kabisa wakati wa ujauzito. Kwa hiyo mpangilio una maana.

Na mimba yenyewe ni kazi kubwa kwa moyo. Damu ya mama inaongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na moyo ndio unaoisukuma yote, halafu inakuja leba, halafu siku zile za kwanza baada ya kujifungua. Wanawake waliotibiwa kama wewe na eko zao zikawa nzuri, wengi sana wanazaa salama. Hatari kubwa iko kwa wale ambao moyo ulikuwa umeshalegea kabla ya kushika mimba na hawakujua. Ndiyo maana wataalamu wanataka eko ifanyike kabla ya mimba, au mapema mimba ikiwa bado changa. Hata mtaalamu wa usingizi, ikitokea umefanyiwa upasuaji wowote, anahitaji kujua kwamba uliwahi kupewa bleomycin, kwa sababu oksijeni nyingi kupita kiasi inaweza kuyaumiza mapafu ya mtu wa namna hiyo. Kuhusu kizazi, ambacho hukukiuliza ila nadhani kinakusumbua: dawa zile nne hazimo katika zile kali zaidi kwa mayai ya mwanamke. Hilo nalo ulizie.

Sasa nije kwa fundi wetu wa Pangani.

Alisema kaka yake aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na wewe ukasikia: hataki mbuzi mgonjwa. Huenda ndivyo alivyomaanisha. Mimi niliposoma nikajiuliza, kilichomuuma ni mbuzi au ni gunia? Mtu anaweza kuwa na uchungu kwa sababu shemeji yake ni mgonjwa, na anaweza kuwa na uchungu kwa sababu kaka yake aliambiwa mwisho baada ya watu wote kujua. Ni uchungu wa aina mbili, na majibu yake kwako yatakuwa mawili tofauti. Wewe unamjua, mimi simjui. Unaweza kumuuliza habari ya kaka yake tena, siku moja mkiwa mmetulia, usikilize analalamikia kipi. (Na huyo shemeji, kuna aliyemuuliza yeye kama alijua? Tena mtoto harithi selimundu mpaka baba naye awe na kasoro hiyo kwenye damu yake. Lakini hiyo ni barua ya mtu mwingine.)

Hodgkin si selimundu. Hauambukizi, na kwa watu walio wengi haurithiwi. Hofu ya mama kuhusu mdogo wako ni hofu ya midomo ya watu, na midomo ya watu ni kitu cha kweli, siidharau. Lakini msingi wa kitabibu haina.

Ukimwambia sasa, kabla ya kupima, unampa swali ambalo hata wewe huna jibu lake. Mwanamume mwoga atalijaza swali hilo kwa hofu zake na kulipeleka kwa mama yake jioni ileile. Lakini pia unaweza kupata mtu wa kukaa naye kwenye benchi la kusubiri eko, na jinsi atakavyokaa kwenye benchi hilo itakuambia mengi kuhusu ndoa unayoiendea.

Ukimwambia baada ya majibu, unakwenda na kitu mkononi. Mazungumzo yanakuwa ya mambo yaliyopo, si ya majini. Ila miezi mitatu ni mifupi, rufaa zinachukua muda, na majibu yakiwa magumu utakuwa unabeba mazito mawili siku moja. Kusogeza harusi mbele ni njia pia. Watasema, mjini Tanga hata harusi isiposogezwa watasema.

Ukiamua kumwambia baada ya ndoa, utakuwa umefanya kama wanawake wengi walivyofanya kabla yako, na wengine walifika salama. Fikiria tu miezi ile ya mwanzo: yeye anasubiri mtoto, wewe unasubiri eko, na vidonge vya uzazi wa mpango viko kwenye mkoba. Akivikuta, je, atakuwa anauliza kuhusu saratani ya 2010, au kuhusu mkoba?

Na ukinyamaza moja kwa moja, mwili wenyewe unaweza kuja kusema, na mahali utakapochagua kusemea panaweza kuwa chumba cha kujifungulia, saa nane usiku, mkunga akiuliza historia yako na mume akiwa hana la kujibu.

Hakuna njia kati ya hizi ambayo naweza kukuahidi kwamba atabaki. Anaweza kuondoka. Uzito wa kumkosa unaujua wewe, na uzito wa kuishi ukimlinda asijue unaujua wewe pia, maana umeshaanza kuubeba. Kama unataka kujua dini inakudai nini, tafuta sheikh unayemwamini umuulize kwa faragha. Wanachuoni hawana kauli moja kuhusu maradhi gani ni lazima yatajwe kabla ya nikaha, na sitaki kujitia kujua. Nitakachosema ni hiki kimoja: ukiamua kusema, usimtume mshenga. Jambo kama hili likipita midomo mitatu linafika kwake likiwa msiba.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu ndiye mgumu kuliko wote. Aliuza michungwa. Kila anapokwambia nyamaza, nyuma yake kuna shamba zima la Muheza, na wewe unajiona huna haki ya kumbishia. Lakini nimeona kitu kwenye barua yako, sijui kama na wewe umekiona. Zile karatasi hakuzichoma. Mtu anayetaka jambo liishe kweli, jiko la mkaa liko uani. Yeye amezitunza kwenye sanduku la bati karibu miaka 15. Labda ni mazoea tu ya wazee wetu kutunza karatasi. Au labda sehemu yake moja imekuwa ikijua kwamba iko siku zitatakiwa.

Kwa hiyo pengine usimwombe ruhusa ya kupima. Mwombe karatasi. "Mama, nataka karatasi zangu za hospitali." Atakuuliza za nini, atalia, anaweza kukasirika. Mkalishe, mweleze kuhusu mito. Huenda hajui kwamba ni miwili. Na akikataa kabisa, nenda bila karatasi. Hospitali uliyotibiwa inaweza kuwa na kumbukumbu, na isipokuwa nazo, una vijiti 12, madoa matano na mwaka. Daktari ataanzia hapo.

Kuhusu somo, usimhofie sana. Wanawake hao wameona miili ya maharusi wengi kuliko daktari yeyote, na wanajua kufunga mdomo. Ukipenda, mwambie yeye kabla ya wiki ya singo, huenda ukapata mtu wa kukaa na mama yako siku utakayohitaji.

Jambo la mwisho la vitendo. Utakapoingia kwa daktari, usianze na kuhema. Anza na sentensi hii: "Nilitibiwa saratani ya Hodgkin nikiwa na miaka 13, kwa dawa nyekundu mara 12 na mionzi ya kifua." Isome kwanza ukiwa peke yako, kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa. Mara ya kwanza itakukwama kooni, maana hujawahi kuitamka. Irudie mpaka itoke yote, halafu ndiyo uende.